Jinsi ya kufuatilia asili ya neno la kale la Kigermaniki: mwongozo kamili, kuanzia zizini

Chukua neno la Kijerumani "Vieh". Linatamkwa "fii", na maana yake ni mifugo, hasa ng'ombe. Ni neno la zizini, halina makuu. Lakini ukilifuata nyuma kwa utaratibu litakukutanisha na askofu wa Wagothi, wafanyabiashara wa Skandinavia, mabwana wa ardhi wa Uingereza na matajiri wa Roma, na kila mmoja utamkuta na kipande chake cha neno hilo mkononi. Ukilifuata ovyo litakufikisha popote roho inapotaka, na hapo ndipo wapenzi wengi wa asili ya maneno hupotea.

Huhitaji shahada ya isimu. Unahitaji daftari, intaneti, Kiingereza cha kusomea kamusi, na ubishi kidogo. Kanuni ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: undugu wa maneno huthibitishwa na tofauti zinazojirudia kwa mpango. Kufanana kwa sura peke yake hakuthibitishi kitu. Kiajemi kina neno "bad", maana yake mbaya. Kiingereza nacho kina "bad", mbaya vilevile. Hayana undugu wowote, yamegongana tu njiani.

Kabla ya kuanza: Kigermaniki si Kijerumani

Hapa wengi hujikwaa. Kijerumani ni mtoto mmoja tu katika ukoo wa Kigermaniki. Ndugu zake ni Kiingereza, Kiholanzi, Kiafrikana, Kiswidi, Kideni, Kinorwe na Kiisilandi, pamoja na Kigothi ambacho kimekufa zamani. Mama yao alizungumzwa kusini mwa Skandinavia na kaskazini mwa Ujerumani ya leo, karne kadhaa kabla ya Kristo, na hakuacha kitabu hata kimoja. Kwa hiyo kusema kwamba Kiingereza kimetoka kwenye Kijerumani ni sawa na kusema Kiswahili kimetoka kwenye Kizulu kwa sababu huku tunasema "nyama" na kule wanasema "inyama". Ni ndugu, na ndugu hazai ndugu.

Mama huyo naye ana ukoo mkubwa zaidi, Kihindi-Kiulaya, wenye Kilatini, Kigiriki, Kisanskriti na Kiajemi. Ndiyo maana tutakuwa tukibisha hodi Roma kila mara.

Hatua ya kwanza: kusanya sura za kale

Usianze kubahatisha kwa tahajia ya leo. Fungua ukurasa mpya wa daftari, andika neno lako juu, kisha chini yake orodhesha sura kongwe kabisa za kila ndugu unayempata, kila moja na maana yake. Maana usiiache, utaihitaji mbele ya safari.

Shahidi mkubwa kuliko wote ni Kigothi. Katika karne ya 4 askofu Wulfila aliwatafsiria Wagothi Biblia, na sehemu kubwa ya kile tunachokijua kuhusu lugha hiyo imetoka humo. Nakala yake maarufu zaidi iko Uppsala, Uswidi: herufi za fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau, iliyonakiliwa mwanzoni mwa karne ya 6. Baada ya Kigothi huja Kiingereza cha kale na Kijerumani cha kale, ambavyo maandishi yake yanaanza kuonekana karne ya 7 na ya 8, kisha Kinordiki cha kale, mzazi wa lugha za Skandinavia, ambacho tunakisoma zaidi katika miswada ya Isilandi.

Kuna mashahidi wakongwe kuliko hao, ila ni wa maneno machache: maandishi ya runi, herufi zilizochongwa kwenye mbao, mifupa, mawe na madini. Mwaka 1734, huko Gallehus kusini mwa Denmark, ilifukuliwa pembe ya dhahabu ya mnamo mwaka 400. Imeandikwa: "ek hlewagastiz holtijaz horna tawido". Yaani mimi Hlewagastiz, wa Holt, niliitengeneza pembe. Soma polepole. "Horna" ni pembe, na Kiingereza bado kinasema "horn". "Ek" ni mimi, na jirani yake wa leo ni "ich" ya Kijerumani. Pembe yenyewe haipo tena: mwaka 1802 mfua dhahabu mmoja aliiiba akaiyeyusha, na tunachosoma leo ni michoro iliyofanywa kabla ya wizi. Lishike hilo jina la Hlewagastiz, tutalirudia.

Kwa vifaa, Kiingereza cha kale kina kamusi ya Bosworth na Toller, inapatikana bure mtandaoni. Kwa Kijerumani iko kamusi ya etimolojia ya Friedrich Kluge, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1883 na kufanyiwa marekebisho mara nyingi, na iko kamusi kubwa ya ndugu wawili Grimm, walewale wa hadithi za watoto. Juzuu yake ya kwanza ilitoka 1854. Jacob Grimm alifariki 1863 akiwa amefika kwenye neno "Frucht", yaani tunda, na kazi haikukamilika mpaka 1961. Kwa hiyo ukichelewa kidogo na daftari lako usijilaumu. Wikamusi nayo inafaa, lakini itumie kama mlango wa kuingilia nyumbani, usiifanye shahidi wa mahakamani.

Daftari langu la "Vieh" linasomeka hivi:

Kigothi: faihu – mali, fedha
Kiingereza cha kale: feoh – mifugo, mali, fedha
Kijerumani cha kale: fihu – mifugo
Kinordiki cha kale: fé – mifugo, mali, fedha
Kiholanzi cha leo: vee – mifugo

Hatua ya pili: pima sauti, hapa usifanye haraka

Ukielewa hatua hii, zilizobaki ni nyongeza. Na msemaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu jambo lenyewe tayari unalisikia mtaani. Sisi tunasema kupanda mbegu, Mkikuyu anasema "kũhanda". Sisi kupita, yeye "kũhĩtũka". Sisi "-pa", yeye "-he". Hata "hapa" yetu kwake ni "haha". P yetu ni h yake, na hii hairukiruki: inajirudia neno baada ya neno. Mtu aliyekulia Nairobi huliona bila kufundishwa.

Hicho ndicho Rasmus Rask wa Denmark alichokiona mwaka 1818 kati ya lugha za Kigermaniki na ndugu zao, na Jacob Grimm akakipanga kama kanuni mwaka 1822. Tukiwatazama Wagermaniki na Warumi uso kwa uso:

P ya Kilatini ni f ya Kigermaniki: "pater" na "father", "piscis" na "fish".
T ni th: "tres" na "three", "tu" na "thou".
K, ambayo Warumi waliiandika c, ni h: "cornu" na "horn", "centum" na "hundred".
D ni t: "decem" na "ten", "duo" na "two".
G ni k: "genu" na "knee", ambayo k yake ilitamkwa zamani, na Mjerumani anaitamka mpaka leo katika "Knie".
H ya mwanzo wa neno ni g: "hortus", bustani, na "garden" kwa upande wa pili.

Neno tamu zaidi ni lile linalotii kanuni mbili kwa mpigo. Moyo kwa Kilatini ni "cor", na shina lake ni "cord-". Badilisha c iwe h, badilisha d iwe t: "heart". Mguu ni "ped-": p iwe f, d iwe t, na "foot" imesimama mbele yako.

Sasa rudi zizini. "Faihu", "feoh", "fihu" zina f mwanzoni na h katikati. Geuza kanuni: f itoke kwenye p, h itoke kwenye k. Tunatafuta neno la Kilatini lenye umbo la "pek-", na ikiwezekana linalohusu mifugo. Lipo: "pecu", ng'ombe na kondoo. Mtoto wa neno hilo ni "pecunia", fedha. Kisanskriti kinaongeza "paśu", mnyama wa kufugwa. Tumefika bila kubahatisha hata mara moja. Angalia pia kwamba "Vieh" na "pecu" hazifanani hata kidogo, na ni ndugu wa damu.

Kinyume chake kilinipata mwenyewe. Niliwahi kuwaambia wanafunzi, kwa kujiamini kabisa, kwamba "haben" ya Kijerumani ni ndugu wa "habere" ya Kilatini. Zote maana yake kuwa na kitu, zote zinaanza na hab-, nani angekataa? Kanuni inakataa. Kama neno la Kijerumani lina h, ndugu yake wa Kilatini anatakiwa awe na c. Kweli yupo: "capere", kukamata. Anayekamata kitu mwishowe anacho. Ilinibidi wiki iliyofuata nirudi darasani nikajisahihishe, na tangu siku hiyo maneno yanayofanana sana nayatazama kwa jicho la polisi.

Kanuni ikivunjika

Itavunjika. Usitupe neno haraka. Kilatini kina t katika "pater" na katika "frater", kaka. Kiingereza cha kale kinasema "brōþor", ile þ ikiwa ni th, lakini baba ni "fæder", kwa d. Kwa nini t moja itoe watoto wawili? Swali hilo lilisumbua wasomi kwa miaka hamsini hivi, mpaka Mdenmark mwingine, Karl Verner, alipolijibu mwaka 1875. Jibu lilikuwa kwenye mkazo. Katika lugha ya mababu mkazo wa neno la kaka ulikuwa mwanzoni, wa neno la baba ulikuwa mwishoni, kama Kisanskriti kinavyoonyesha, na sauti ilibadilika kufuatana na mahali pa mkazo. Mkazo wenyewe baadaye ukahamia silabi ya kwanza kila neno, ukaacha alama zake tu.

Kuna na badiliko la pili, ambalo liliigusa Ujerumani ya kati na kusini, mwanzoni mwa Zama za Kati. Kijerumani kikaenda upande wake: "ten" ikawa "zehn", "water" ikawa "Wasser", "pound" ikawa "Pfund", "make" ikawa "machen". Matokeo yake ni kwamba kwenye konsonanti hizi Kiingereza na Kiholanzi mara nyingi viko karibu zaidi na sura ya zamani kuliko Kijerumani. Usimwite Mjerumani peke yake kutoa ushahidi.

Hatua ya tatu: uliza kama neno ni la nyumbani au la kuazima

Sisi tunaishi na swali hili kila siku, lugha yetu ikiwa imejaa wageni waliopewa uraia. Wagermaniki nao waliazima, hasa kwa Warumi: "Wein" na "wine" ni "vinum", "Straße" na "street" ni "strata", "Kaiser" ni Caesar mwenyewe.

Dalili nzuri ni herufi p mwanzoni. Neno la asili la Kigermaniki linaloanza na p ni adimu, kwa kuwa p za kale zote ziligeuka f. Ukiikuta p mlangoni, shuku. Kijerumani kinakusaidia hata kukadiria tarehe: "Pfeffer", pilipili, ina pf, kwa hiyo iliingia kabla ya lile badiliko la pili ikabadilishwa pamoja na wenyeji. "Papier", karatasi, imebaki na p yake safi, kwa hiyo iliingia baadaye, mlango ukiwa umeshafungwa. Na hiyo Pfeffer ni jamaa wa pilipili yetu: zote mbili, kwa njia tofauti, zimetoka kwenye neno la Kihindi la kale "pippali". Biashara ya viungo ilipeleka neno moja pande mbili za dunia.

Maneno husafiri pia kwenda nje, na wakati mwingine mgeni hulitunza kuliko mwenyewe. Mfalme kwa Kiingereza cha leo ni "king", kwa Kijerumani "König", yamechakaa yote mawili. Kifini, lugha isiyo na undugu nao hata wa mbali, kiliazima neno hilo zamani sana na bado kinasema "kuningas", karibu sawasawa na sura ambayo wasomi wameijenga upya kwa ajili ya mama wa Kigermaniki. Kuangalia Kifini ni kama kwenda kwa jirani kutazama picha ya babu yako ambayo nyumbani kwenu ilipotea.

Kwetu Wajerumani walileta mawili yanayotumika kila siku. "Hela" ni Heller, sarafu ndogo: katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, kuanzia 1904, rupia moja iligawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64. Jina hilo linatokana na mji wa Hall huko Swabia uliokuwa ukifua senti hizo Zama za Kati. Kila ukiomba hela unautaja mji ambao pengine hutaufika. "Shule" ni "Schule", lakini hapo usishangilie kwamba umepata neno la Kigermaniki. Schule ni la kuazima kutoka Kilatini "schola", na Kilatini kililitoa kwa Wagiriki, ambao kwao "skholē" maana yake ya kwanza ilikuwa nafasi ya kupumzika. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri asiambiwe.

Mara nyingine neno hutoka nyumbani, huzunguka, hurudi limevaa kanzu ya kigeni. "Fee" ya Kiingereza, ada, ukiitazama utadhani ni "feoh" moja kwa moja. Sivyo. Iliingia na Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066, kwa Kifaransa, ikihusu ardhi aliyopewa mtu ili amtumikie bwana wake, na wasomi wengi wanaona kwamba Wafaransa wenyewe walikuwa wamelipata kwa Wafranki, watu wa Kigermaniki. Ng'ombe yuleyule, njia ya mzunguko.

Hatua ya nne: fuata maana mpaka uone watu

Sauti zikishakubali, rudi kwenye ile safu ya maana. Mifugo, mali, fedha: msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa mengi. Mahali ambapo mahari huhesabiwa kwa vichwa vya ng'ombe, neno moja kubeba vyote vitatu si fumbo. Wanordiki walikwenda mbali zaidi. Watu wawili waliotaka kufanya biashara waliweka "fé" zao pamoja, na kila mmoja akawa "félagi" wa mwenzake, mweka-mali-pamoja. Waingereza wakaliokota neno hilo, wakalifupisha, na leo "fellow" ni mtu yeyote yule. Huko Isilandi "félag" ni chama au kampuni hadi sasa, na "fé" bado ni fedha na kondoo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mezani. "Lord", bwana, kwa Kiingereza cha kale ni "hlāford", na kabla ya hapo "hlāfweard". "Hlāf" ni mkate, "weard" ni mlinzi. Bwana ni mlinzi wa mkate. "Lady" ni "hlǣfdige", na kile kipande cha pili ni ndugu wa "dough", donge la unga: mkandaji wa mkate. Kisha fungua sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, za mwanzoni mwa karne ya 7, na utamkuta mtu wa tatu wa nyumba hiyo, mtegemezi anayeitwa "hlāfǣta", mla mkate. Mmoja anakanda, mmoja anautunza, mmoja anakula na kwa hiyo anatii. Maneno matatu yamekuchorea mamlaka yote ya boma moja, na leo Waingereza wamebakiwa na vyeo vikubwa ambavyo ndani yake unga umeshakauka.

Maana hupanuka, hubana, hupanda na kushuka cheo. "Tier" kwa Mjerumani ni mnyama yeyote, ndugu yake "deer" amebanwa akawa mnyama mmoja, kulungu. "Zaun" ni ua wa kuzungushia. Mholanzi akahamia ndani ya ua, "tuin" yake ni bustani, na Mwingereza akajenga nyumba nyingi humo, "town". "Knecht" ni mtumishi wa shamba, "knight" akapewa farasi na upanga. "Gift" ni zawadi London na sumu Berlin: mwanzo ni kitu kinachotolewa, kisha dozi inayotolewa, na usiulize zaidi ukiwa mezani kwa watu. "Þing" ulikuwa mkutano wa watu huru kuamua mashauri, na bunge la Isilandi, lililoanzishwa mwaka 930, bado linaitwa Alþingi. Kiingereza kimeishusha "thing" ikawa kitu chochote. Njia ilipita kwenye shauri, jambo, kisha kitu. "Baraza" yetu ilifuata njia ya kupanda: kibaraza cha kukalia, kisha waliokaa, kisha Baraza la Mawaziri.

Kwenye maana jizuie. Hadithi nzuri ya maana haiwezi kuokoa sauti zilizokataa, hata kama inapendeza kiasi gani.

Hatua ya tano: andika ulichopata, kwa nyota

Umbo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika, bali limejengwa kwa kulinganisha ndugu, huwekewa nyota mbele. Mama wa "Vieh" ni *fehu, na bibi yake ni *peku. Nyota ni ahadi ya uaminifu: hii nimeikokotoa, sijaiona. Wanaotafiti lugha za Kibantu hutumia nyota hiyohiyo, na si ajabu, kwa kuwa Carl Meinhof, aliyelinganisha sauti za Kibantu katika kitabu chake cha 1899, alikuwa Mjerumani aliyebeba mbinu iliyokwisha kunolewa kwa maneno ya kina Grimm.

Sasa jaribu mwenyewe

Fungua ukurasa mpya. Andika "Gast" ya Kijerumani, "guest" ya Kiingereza, "gestr" ya Kinordiki, "gasts" ya Kigothi, na juu yake "gastiz", ambayo umeshaiona imechongwa ndani ya jina la yule fundi wa pembe ya dhahabu. Zote ni mgeni. Geuza kanuni: g ya Kigermaniki inataka h ya Kilatini. Kwa irabu nakuongezea moja, a ya Kigermaniki hukutana na o ya Kilatini, kama "acht" na "octo", nane. Unatafuta "host-".

Utaipata "hostis". Kamusi ya Kilatini itakuambia maana yake ni adui, na utataka kufuta ukurasa. Usifute. Soma mpaka chini ya kidahizo: katika Kilatini cha zamani zaidi "hostis" alikuwa mtu wa kutoka nje, asiye wa mji huu. Halafu jiulize sisi tunamwitaje mtu tusiyemjua, aliyesimama mlangoni jioni na mzigo wake, ambaye bado hatujaamua kama tumkaribishe. Tunamwita mgeni. Na tukishamkaribisha, akakaa, akanawa mikono, tunamwita mgeni.